Gapi, goldfishi, beta au siklidi: yupi anafaa kuanzia na maji ya Dodoma, na vifaa gani ununue

Wakuu, kwa yeyote anayetaka kuanza kufuga samaki wa mapambo hapa Dom, kabla hujaulizia bei ya samaki yeyote nenda jikoni ukachungulie ndani ya birika la chai. Ule ukoko mweupe uliogandia chini ndo unaoamua samaki gani atakaa kwako na yupi atakusumbua. Maji yetu mengi yanatoka visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, ni maji ya ardhini yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba, haya ndo yanaitwa maji magumu, ndo maana sabuni inagoma kutoa povu na mgeni akishuka stendi siku ya kwanza tu anasema maji ya huku yana chumvi. Sisi tunalalamikia hita za kuogea na mabirika, ila kuna samaki maji hayahaya wanayafurahia sana.

Shida inakuja pale mtu anapofuata ushauri uliotoka sehemu zenye maji laini, yaani yenye madini machache, ananunua samaki wa mto Amazon, anamweka kwenye maji ya Makutupora, halafu mwezi hauishi tangi limebaki na mapambo tu. Kuyabadilisha maji inawezekana, unaweza kuvuna ya mvua ukachanganya, lakini hiyo ni kazi ya kila wiki mwaka mzima na mvua zetu zenyewe ni za Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni vumbi na upepo. Mimi nashauri tuende kinyume: maji yabaki yalivyo, samaki ndo achaguliwe kufuata maji.

GAPI NA NDUGU ZAKE DHIDI YA GOLDFISHI

Hapa ndo wengi wanasimama dukani hawajui washike kipi, maana goldfishi ni mkubwa, anang'aa, watoto wanampenda, na gapi ni kadogo. Sasa tuwaweke pamoja.

Gapi dume anafika sentimita 3 hivi, jike 5 au zaidi kidogo, anapenda maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati na chini yake ni asidi) ya 7 kwenda juu mpaka 8, joto la nyuzi 22 mpaka 28. Yaani ni kama amepimiwa maji yetu. Hataki tangi kubwa, lita 40 mpaka 60 kundi dogo linaishi vizuri kabisa. Kuna plati ambaye ni mnene kidogo, sentimita 5 au 6, mpole na mgumu kufa, halafu kuna moli ambaye ndo mpenzi mkubwa zaidi wa maji magumu katika kundi hili lote, ila anakua mpaka sentimita 8 au 10 kwa hiyo mpe tangi la lita 80 kwenda juu. Moli ana raha yake, ukikaa karibu na tangi unamuona anapita kioo chote kwa mdomo anakwangua ule ukijani, anarudi, anapita tena, asubuhi mpaka jioni, ni kazi ambayo ungeifanya wewe kwa sponji.

Goldfishi sasa. Faida yake moja ni ya kweli na inabidi isemwe: anapenda maji ya ubaridi, nyuzi 18 mpaka 23 hivi, kwa hiyo Juni na Julai yetu haimtishi na hita haihitaji. Maji magumu pia anayavumilia vizuri. Kinachomharibia ni ukubwa na uchafu. Yule mdogo unayeona dukani ni mtoto, wale wa mkia mpana wanafika sentimita 15 mpaka 20, wale wa kawaida wenye umbo refu wanaweza kufika 30, na akitunzwa anaishi miaka 10 na zaidi. Anakula sana, anachafua sana, mimea anaing'oa na kuila. Mmoja tu wa mkia mpana anataka kama lita 75, ukitaka wawili ongeza tena, na bado filta iwe ya nguvu. Halafu inafika Oktoba na Novemba, joto la Dodoma unalijua, maji yakipata moto yanabeba oksijeni kidogo, na samaki mkubwa mchafuzi ndo wa kwanza kuonekana juu anahema.

Kwa hiyo kati ya hawa wawili, kwa mtu anayeanza, gapi au plati, wala sifikirii mara mbili. Goldfishi mchukue kama una nafasi ya tangi la mita moja na maji hayakatiki mtaani kwako.

Gapi ana usumbufu wake pia, anazaa. Jike anabeba mimba wiki 4 hivi anatoa watoto 20 mpaka 50, na akishapandwa mara moja anaweza kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume, kwa hiyo yule "jike mmoja tu" wa dukani karibu kila mara anakuja na familia tumboni. Kama hutaki kujaa, chukua madume watupu 6 hivi, ndo wenye rangi nzuri vilevile. Kama unataka kuona uzazi, dume mmoja kwa majike wawili au watatu, usigeuze hesabu maana madume yakizidi majike hayapumziki, yanakimbizwa mpaka yanachoka na kufa.

BETA

Huyu anauzwa kwenye kopo au gilasi, na muuzaji atakwambia anaishi humohumo. Anaishi kwa maana ya kutokufa haraka, kwa sababu ana kiungo maalumu cha kuvuta hewa ya juu ya maji, sio kwamba amefurahi. Mpe angalau lita 20, tangi lenye mfuniko, maji ya nyuzi 24 mpaka 28. Na hapo ndo Dodoma inamkata, usiku wa Juni mpaka Agosti huku nje unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, nyumba zetu hazina joto la ndani, tangi dogo linapoa kufuata chumba. Beta bila hita miezi hiyo anajikunja chini, hali, mapezi yanaanza kuliwa na bakteria. Ukiwa tayari kununua hita, beta ni chaguo zuri sana kwa mwanafunzi wa UDOM au mtu wa chumba kimoja Nkuhungu, nafasi ndogo, samaki mmoja, tena anakuzoea, ukisogea anakuja mbele. Dume na dume usiwachanganye kabisa, watauana. Na usimweke na gapi wenye mikia mirefu, anaweza kuwadhania beta wenzake akawashambulia.

NEONI TETRA NA WENZAKE

Ni wazuri, ule mstari wa bluu ukipigwa na taa unavutia kuliko kitu chochote dukani. Ila asili yao ni Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Waliozalishwa mashambani wanavumilia kiasi, lakini kwa maji yetu wewe mgeni wa hii kazi utakuwa unapambana na vitu viwili kwa pamoja, kujifunza tangi na kupigana na maji. Waache kwanza. Ukishakuwa mzoefu na una pipa la maji ya mvua, haya, chukua kundi la 6 kwenda juu maana hawapendi kukaa wachache.

SIKLIDI WA MAZIWA YETU

Sehemu hii ndo naipenda kuliko zote na naona haizungumzwi vya kutosha. Watu wa Ujerumani, Marekani na Japani wanatafuta kwa hela nyingi siklidi, jamii ya samaki wanaotoka kwetu, ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa. Maziwa hayo maji yake yana madini na pH yake iko juu, Tanganyika inakwenda kati ya 8 na 9. Wafugaji wa huko wengine inabidi waongeze chumvi maalumu ili maji yao yafanane na ya kwetu, wewe unafungua bomba tu.

Kwa anayeanza, kuna mmoja wa Tanganyika anaitwa multi kwa kifupi, jina la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus. Ni mdogo sana, dume sentimita 4 na kitu, jike 3, anaishi ndani ya kombe la konokono. Tangi la sentimita 60 linamtosha na kundi zima. Unamwaga mchanga sentimita 5 hivi, unaweka makombe mengi kuliko idadi ya samaki, halafu unakaa unaangalia. Anabeba mchanga mdomoni punje kwa punje anautema pembeni, anachimba mpaka kombe lake linazama na kubaki tundu tu juu, jirani akisogea anafukuzwa, ukipitisha mkono anajifanya kukutisha na wewe ni mkubwa kwake mara ngapi sijui. Watoto wanatokea kwenye matundu wakiwa wadogo kama kope na wakubwa wanawaacha wakae hapohapo.

Mbuna, siklidi wa kwenye mawe wa ziwa Nyasa, wao ni rangi, njano, bluu, machungwa, wanashindana na samaki wa baharini kwa muonekano. Lakini ni wagomvi, wanataka lita 200 kwenda juu, mawe mengi ya kujificha, na idadi kubwa kidogo ili ugomvi ugawanyike asionewe mmoja. Sio wa kuanzia kama mfuko ni mdogo. Nikilinganisha, gapi ni rahisi zaidi kupatikana na anasamehe makosa mengi, multi anahitaji umtafute na umpe maji yasiyoyumbayumba ila akishatulia hana shida. Wa kwanza gapi, wa pili multi, ndo ushauri wangu. Usiwachanganye tu.

Wa kukimbia moja kwa moja: oska, anafika sentimita 30, na yule anayeuzwa kama "msafisha tangi" anayenata kwenye kioo, wengi ni aina inayofika sentimita 30 mpaka 45 na kinyesi chake ni kingi kuliko uchafu anaosafisha. Sato na kambale wadogo ulioletewa kutoka bwawani nao wapeleke bwawani kwa mfugaji, tangi la sebuleni sio mahali pao.

TANGI: BAKULI, LA KUNUNUA, AU LA FUNDI VIOO

Bakuli la duara sahau. Maji lita 5 yanapata joto haraka mchana yanapoa haraka usiku, uso wa maji kugusana na hewa ni mdogo, filta haikai. Watu wanadhani tangi dogo ni rahisi kwa mgeni, ukweli ni kinyume, maji mengi yanachelewa kuharibika kwa hiyo yanakupa muda wa kurekebisha.

Hesabu ya lita ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 35 kwa 40 linatoa lita 84, ukitoa mchanga na nafasi ya juu unabaki na 70 hivi. Saizi hii naipendekeza kwa karibu kila mtu, inabeba gapi, plati, moli wachache, au koloni ya multi.

La kiwandani linakuja na mfuniko na taa, limenyooka, ila ni ghali na kusafirisha ni roho mkononi. La fundi wa aluminiamu na vioo wa mtaani kwako linakuja kwa bei ya chini kwa saizi ileile, sharti usimamie mambo mawili. Kioo kiwe milimita 6 kwa tangi la sentimita 60, usikubali cha dirisha chembamba. Na silikoni iwe ile ya kawaida ya vioo isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni ina sumu inayoua samaki. Silikoni sahihi ikiwa mbichi inanuka kama siki, iache mpaka harufu iishe kabisa, ndo ujaze maji nje kwenye uwanja siku mbili uangalie kama inavuja. Lita 84 ni kilo 84 kabla hujaweka mawe, kwa hiyo ile meza ya TV ya mbao laini isahau, na chini ya tangi tandika foma nyembamba ili kioo kisikalie kijiwe.

FILTA: SPONJI DHIDI YA YA UMEME YA NDANI

Filta ya sponji ni kipande cha sponji kilichounganishwa na pampu ya hewa iliyo nje, hewa inapanda inavuta maji kupita kwenye sponji. Filta ya umeme ya ndani ina mota yake humohumo majini, inavuta kwa nguvu zaidi, maji yanaonekana meupe haraka, na kelele yake ni ndogo. Kwa macho tu ya umeme inashinda.

Ila ikija kukatika umeme hesabu inabadilika. Pampu ya hewa ndogo inakula wati 4 hivi, zipo za USB unachomeka kwenye pawabenki, zipo za betri za tochi, ukikatika umeme masaa 6 unahamisha mpira wa hewa tu, sponji ileile inaendelea. Ile ya mota ikizima imezima, na wale bakteria wanaoishi ndani yake wanaanza kukosa oksijeni. Sponji pia haimezi watoto wa gapi, na haimpelekeshi beta kwa mkondo. Kwa Dodoma naanza na sponji, hela ikiongezeka unaweka zote mbili. Pampu iweke juu kuliko usawa wa maji au weka valvu ya kuzuia maji kurudi, umeme ukikatika maji yanaweza kunyonywa kupitia mpira mpaka sakafuni.

Hao bakteria ndo uti wa mgongo wa tangi zima. Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, wa pili wanaigeuza nitrati ambayo samaki wanaivumilia mpaka ubadilishe maji. Kuwajenga inachukua wiki 4 mpaka 6 na hakuna mkato wa maana kuliko kuomba kipande cha sponji chafu kutoka tangi la mtu ambalo limeshatulia na samaki wake wazima. Na hapa maji yetu yana ubaya wake, pH ikiwa 8 sehemu ya amonia inayokuwa sumu kali ni karibu mara 10 ya ile kwenye pH 7, kwa hiyo anayeharakisha kuweka samaki wengi wiki ya kwanza huku anaadhibiwa haraka kuliko mwenzake mwenye maji laini. Karatasi za kupimia amonia na nitriti zinunue kabla ya samaki. Sponji isafishe kwa kuikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi, usiiweke chini ya bomba, klorini itawaua wote.

HITA: NUNUA AU ACHA

Inategemea samaki. Goldfishi, acha. Plati na gapi, nyumba iliyojengwa vizuri na tangi la lita 70 wanaweza kupita, lakini ukiona kipimajoto kinashuka chini ya 20 asubuhi basi hita. Beta na multi, nunua. Kipimo ni wati 1 kwa lita 1, tangi la lita 50 hita ya wati 50. Tuangalie luku: hita ya wati 50 ikiwaka nusu ya siku ni yuniti 18 kwa mwezi, pampu ya hewa ya wati 4 masaa yote ni yuniti 3, taa ya LED ya wati 10 kwa masaa 7 ni yuniti 2. Kama uko kwenye ile tarifu ya D1 ya watumiaji wadogo wa nyumbani, yuniti 75 kwa mwezi, hita peke yake inachukua karibu robo, bahati nzuri unaihitaji miezi michache tu. Ichomoe kabla hujapunguza maji, ikibaki hewani inawaka kioo chake kinapasuka.

VINGINE, HARAKAHARAKA

Mawe tunayo, haya ya graniti yaliyojaa milimani kwetu ni salama, hayabadilishi maji, yasugue tu bila sabuni. Mchanga wa korongoni oshea mpaka maji yatoke meupe, inachosha lakini ndo hivyo. Mimea, chukua valisineria, inapenda maji magumu. Tangi lisipigwe jua la dirishani. Mfuniko ni lazima, upepo wa huku unaleta vumbi na unakausha maji. Na maji yakipungua kwa kukauka madini yanabaki, ukijazia tu ya bomba kila siku ugumu unazidi kupanda, kwa hiyo jazia ya mvua ukiwa nayo na kila wiki toa robo ya maji uweke mapya. Maji mapya yakae ndoo pana siku nzima klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini, hii inasaidia sana mitaa ya mgao ambapo maji yakija unataka kufanya kila kitu siku hiyohiyo. Yale uliyotoa mwagia mchicha, yana nitrati.

Ukiagiza samaki kutoka Dar kwa basi, safari inakula karibu siku nzima, omba wafungwe kwa oksijeni na wasipewe chakula siku moja kabla. Wakifika acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hivi, ongeza maji ya tangi kidogokidogo, kisha mtoe samaki kwa kineti, maji ya mfuko mwaga nje maana yameshajaa amonia. Usiku huo usiwashe taa na usiwape chakula.

Na wakizaa kupita kiasi, mpe jirani, mpe shule, peleka dukani wabadilishane na chakula. Mtera na mabwawa mengine yana samaki wake, wa kwetu wa tangini wasiende huko.